Mzee Aliyechekwa Kwenye Foleni

Sehemu ya Nne

Tulimwacha Ritha amesimama kando ya barabara, sare kumi na mbili za shule alizozishona wiki nzima zimelowa tope mikononi mwake, na gari lililomrushia maji likitokomea kuelekea Raskazone bila hata kupunguza mwendo.

Aliuona uso wa dereva kwenye kioo. Alikuwa anacheka.

Mliokuwa naye tangu mwanzo mnajua hilo halikuwa la kwanza. Kwenye basi la kutoka Muheza, mwanamume mmoja alikalia kiti alicholipia Ritha, akakunja nne, akamwambia, "Simama kidogo mama, wewe mwepesi." Akasimama hadi Tanga. Mwenye nyumba wake naye akawa anaegesha pikipiki mbele ya baraza anayoshonea, wateja wakikosa pa kupita wanakwenda kwa fundi mwingine. Kote huko Ritha alinyamaza. Baba yake alikata mkonge miaka ishirini na sita chini ya wanyapara, na funzo alilomwachia bintiye lilikuwa moja tu: mdomo uliofungwa haufukuzwi kazi.

Lakini jioni ile, akizifua sare upya, Ritha aliapa.

"Atakayefuata," alijiambia, "atanijua."

Huyo aliyefuata ndiye habari ya leo. Na kabla sijaenda mbali, niseme alivyoniagiza Ritha mwenyewe: "Liandike kama lilivyo. Usinipake mafuta."

Basi ilikuwa Jumanne. Jino la nyuma lilikuwa limemuuma siku tatu, shavu limevimba kama kaficha andazi. Saa tatu asubuhi akawa hospitali, ukumbi wa kungojea, amebanana kwenye benchi la tatu, kadi mkononi.

Ukumbi ulikuwa mmoja kwa wote. Wa meno humo, wa macho humo, wa sukari humo. Mama mmoja kaweka pochi lake juu ya benchi, na ukimwomba aliondoe anakwambia mwenye nafasi anakuja. Mwenye nafasi hakuja mpaka leo.

Halafu akaingia bwana mmoja mnene, shati la kitambaa laini, funguo za gari zinamning'inia kidoleni. Karani wa dirishani alimwita kwa jina, "Aa, bwana Robert!" Robert akaipita foleni nzima, watu thelathini, akapewa namba, akarudi akakaa akipepea na kadi yake.

Ritha aliona. Kila mtu aliona.

Hakuna aliyesema neno. Wala Ritha.

"Nilimwangalia mwili," aliniambia. "Nikaona huyu siyo."

Simu ikalia. Ilikuwa ya mzee aliyekaa upande wake wa kulia, mzee mwembamba, kanzu ya rangi ya maziwa, kofia imekaa sawasawa kichwani. Akaipokea, akabonyeza sauti ya nje, akaishika mbele ya mdomo kama anayetaka kuinywa.

"Baba, umeshafika hospitali?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, ikajaa ukumbi mzima.

"Nimekula, nimekula! Mihogo na chai!" mzee akapiga kelele.

"Sisemi kula! Nasema umepata namba?"

"Hajambo! Anakusalimu!"

Watu wakaanza kuchekea viganjani. Kwa Ritha kila neno lilikuwa msumari kwenye jino. Akamwinamia.

"Shikamoo mzee. Tafadhali, punguza simu yako, tuna wagonjwa hapa."

Mzee hakugeuka.

"Mzee! Nasema na wewe."

Safari hii mzee aliuona uso wake ukimwelekea. Akamtazama, akatikisa kichwa, akatabasamu vizuri kabisa, kisha akarudi kwenye simu kwa sauti ile ile.

Tabasamu lile ndilo lililomwasha. Ritha hakuona tabasamu la mzee. Aliona la dereva wa tope. Aliona la yule wa kwenye basi aliyekunja nne.

Akasimama. Akainyakua simu mkononi mwa mzee.

"Wewe binti uliye huko!" akasema ndani ya simu. "Baba yako anatupigia kelele kama mpiga mnada! Kama hamkumfunza adabu nyumbani, msimlete hospitali!"

Akakata. Kisha akaizima kabisa.

"Mvi zote hizo," akawageukia watu, "na bado hajui kukaa na wenzake!"

Wa kwanza kucheka alikuwa Robert. "Mpe, mama! Mpe vidonge vyake!" Akapiga makofi. Mama wa pochi akacheka. Benchi la mbele likageuka kutazama, nalo likacheka, na mara ukumbi mzima ukawa unacheka, hata waliokuwa hawajui kilichotokea.

"Niliona raha," Ritha aliniambia, akiinamisha kichwa. "Usiifiche hiyo. Kwa dakika moja jino halikuuma."

Yule mzee, alipoona watu wote wanacheka, naye akacheka.

Alicheka nao kama mtu aliyechelewa kwenye hadithi lakini hataki kuwaharibia wenzake. Kisha akaona vidole. Akageuka nyuma kumtafuta anayechekwa. Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

Akarudi mbele polepole. Meno yakafichika, kisha midomo ikafungwa. Akanyoosha mkono, Ritha akampa simu yake. Mzee akainuka, akaiweka kofia sawa ingawa ilikuwa sawa.

"Samahanini, jamani," akasema.

Akatoka. Alikuwa anatembea pembeni kabisa, karibu na ukuta, asimguse mtu.

Haikupita robo saa, mlango wa mwisho ukafunguliwa. Nesi akatoa kichwa.

"Namba kumi na tisa! Idarusi Salim!"

Kimya.

"Idarusi Salim! Jamani, yuko wapi mzee Idarusi, yule asiyesikia? Mshikeni bega mumwonyeshe mlango, ukimwita tu hasikii."

Nesi akatoka nje kabisa, faili mkononi.

"Alikuwa benchi lile pale. Kavaa kanzu. Ni mgonjwa wa kambi ya masikio, hawa madaktari wametoka Dar, leo saa kumi wanafunga na kuondoka. Sikio la kushoto limekufa, la kulia nalo linafuata. Leo ndiyo anafungwa mashine ya kusikia. Yuko wapi?"

Ritha alikuwa amekaa kushoto kwake.

"Katoka," akasema Robert, macho kwenye viatu vyake.

"Katoka kwenda wapi?"

Robert akavitazama viatu zaidi.

"Masikini!" akasema mama wa pochi. "Kumbe hasikii!" Na hapo hapo akageuka kumtazama Ritha. Benchi la mbele nalo likageuka. Ukumbi ule ule uliocheka pamoja naye sasa ulimwachia kicheko chote awe nacho peke yake.

Ritha alitaka kusema, "Nanyi mlicheka." Badala yake akainamisha macho.

Chini ya benchi aliona bahasha ya kaki. Akaiokota. Jina lilikuwa juu: Idarusi Salim. Ndani, kadi, vipimo vya zamani, na namba kumi na tisa.

Akaenda kwa nesi. "Nikampelekee?"

"Unamjua?"

"Namjua," akasema Ritha.

"Barabara ya Kumi na Tisa, Ngamiani. Ulizia kwa fundi redio. Mwambie arudi kabla ya saa kumi, tutamngoja."

Alipofika mlangoni akasikia nyuma yake, "Ritha Mhina! Chumba cha meno!"

Hakugeuka.

Kumpata mzee Idarusi si kazi. Ngamiani nzima inamjua. Miaka arobaini katengeneza redio za watu, mpaka masikio yalipomkimbia akafunga duka. Ila barabara za Ngamiani zinafanana; Ritha alizunguka akiuliza, akapotea mara moja, akaelekezwa tena, na saa saba ilikuwa imegonga alipopiga hodi kwenye nyumba ya mlango wa kijani.

Akafungua mwanamke wa rika lake, mtandio mabegani, mikono ina unga.

"Karibu, dada."

"Nimeleta bahasha ya mzee. Aliisahau hospitali."

Mwanamke akaipokea kwa mikono miwili. "Mungu akulipe! Ingia, ingia. Mimi Azza, mkamwana wake. Baba karudi kitambo. Anasema daktari kampima, eti masikio mazima, ni nta tu."

Ritha akasimama na mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Kasema kapimwa?"

"Eeh. Pita ukae."

Mzee Idarusi alikuwa kwenye kiti cha ukumbini. Alipomwona Ritha, mkono wake uliokuwa unaelekea kwenye kikombe ulisimama njiani.

Azza akamwinamia sikio la kulia. "BABA! DADA HUYU KALETA BAHASHA YAKO!"

Mzee alimtazama Ritha kwa muda. Ritha akangoja. Alijua neno moja tu litamtoa mle ndani mbio, na alikuwa tayari kukimbia.

"Namjua," mzee akasema. "Tulikaa benchi moja. Simu ilinianguka, akaniokotea."

Ritha alijisikia kama kapigwa kofi na mtu aliyemnyooshea mkono wa salamu.

Azza akamgeukia, uso umekunjuka. "Kumbe ni wewe! Dada, ngoja nikuulize, maana hapa tumechanganyikiwa. Wifi yangu Shamsiya, anauza machungwa Muheza, alikuwa anaongea na baba. Akanipigia analia, eti kuna mwanamke kampokonya baba simu akamtukana. Tangu hapo simu ya baba haipatikani. Namuuliza baba, ananiambia hakuna kitu kama hicho. Wewe ulikuwepo. Uliona?"

"Sikuona," akasema Ritha.

"Na daktari? Kampima kweli?"

Hapo mzee, ambaye hakuwa anasikia lakini alikuwa anatazama midomo, akamkazia Ritha macho. Akaweka kidole kwenye midomo yake mwenyewe. Akamnyooshea Ritha kidole hicho, kisha akajinyooshea yeye. Azza alikuwa kampa mgongo, hakuona.

Ritha alielewa. Wewe nisitiri, nami nikusitiri. Mimi sirudi kule nilikochekwa, na wewe hakuna atakayejua ulichofanya.

"Kampima," akasema Ritha.

Azza akakaa chini kwenye mkeka, kama aliyetuliwa mzigo.

"Alhamdulillahi. Hujui, dada. Wiki mbili zilizopita lori nusura limchukue hapo barabara kuu. Dereva kapiga honi mpaka watu wametoka majumbani, baba anatembea tu. Mume wangu Turki yuko Maskati, kila siku ananipigia, ananiuliza baba vipi, na mimi nikitoka kwenda sokoni nusu saa moyo uko juu. Kama ni nta tu, nta inatoka."

Akainuka, akaleta chai ya maziwa na mkate wa kumimina, akakata kipande kikubwa, akamwekea Ritha mbele.

Ritha alikunywa. Chai ilikuwa tamu, na ilipogusa jino ilimchoma hadi sikioni. Alijisemea sawa, niumie. Akala na mkate. Kila Azza alipomwambia "ongeza," aliongeza.

Alipoaga, mzee alimpa mkono. Hakumtazama usoni.

Alikuwa kafika kona ya mtaa aliposikia kandambili zinakimbia.

"Dada! Dada, ngoja!"

Azza alikuwa anahema, amebeba machungwa kwenye kanga iliyofungwa fundo. "Ya Shamsiya haya, ya Muheza. Mtu aliyemtendea baba wema haondoki kwetu mikono mitupu."

Ritha alitazama lile fundo. Aliiamuru mikono yake inyooke. Haikunyooka.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Niliyempokonya simu. Ni mimi. Sikujua hasikii. Nilimtukana mbele za watu, watu wakamcheka, akatoka. Alipoitwa hakuwepo. Hajaonana na daktari yeyote."

Azza hakupiga kelele. Alilifungua fundo la kanga, akalifunga tena, akalikaza.

"Hajapimwa."

"Hajapimwa."

"Na mimi nikakuuliza. Ukaniambia kapimwa."

"Nilikuambia."

"Ukanywa na chai yangu."

Ritha alitamani Azza amzabe kofi, mambo yaishe. Azza akatazama saa ya simu yake.

"Saa nane na dakika tano. Wanafunga saa ngapi?"

"Kumi. Nesi kasema watamngoja."

"Basi rudi. Utamwambia mwenyewe. Mimi hanisikilizi, ataniambia wewe ni shahidi yake."

Wakarudi. Mzee Idarusi alikuwa ametoka nje, kakaa barazani. Baraza za upande wa pili zilikuwa zimejaa. Wanawake wanachambua mchele, wanaume wanacheza bao, kinyozi kasimama mlangoni na kitambaa begani.

"Tuingie ndani, mzee," akasema Ritha, akionyesha mlango kwa mkono.

Mzee akakataa kwa kichwa. Alimwona Azza amekunja uso, akajua mapatano yamevunjika. "Mwenye neno aliseme hapa hapa."

Ritha akapiga magoti kwenye saruji ya baraza, akasogeza mdomo kwenye sikio lake la kulia.

"Mzee, nisamehe. Nimekukosea."

Mzee akasubiri.

"Hasikii," akasema Azza. "Pandisha."

"Mzee, nimekukosea!"

"Bado."

Ritha akatazama upande wa pili. Kete za bao zilikuwa zimesimama. Kinyozi alikuwa amezima mashine yake. Hapo ndipo alipoelewa ni nini kinachotakiwa kwake. Yeye aliyemnyamazisha mzee kwa sababu ya kelele, msamaha wake hauna njia ya kunong'onwa. Kuandika? Tusi la mbele za watu haliombewi radhi kwa karatasi. Ama apige kelele mtaa mzima usikie, ama abaki nayo.

Akavuta pumzi.

"MZEE! MIMI NDIYE NILIYEKUPOKONYA SIMU!"

Mzee akapepesa macho.

"NILIKUTUKANA! NIKAKUCHEKESHEA WATU! ULIPOONDOKA WALIKUITA, SIKUSEMA KITU! NIMEMDANGANYA MKAMWANA WAKO NDANI YA NYUMBA YAKO! NISAMEHE, MZEE!"

Sauti ikaenda mpaka mwisho wa barabara, ikagonga bati, ikarudi. Mwanamke mmoja ng'ambo akauweka ungo chini. Ritha alibaki amepiga magoti, machozi yanampitia kwenye shavu lililovimba, na hakuna aliyecheka. Alitamani wangecheka.

"Sikio bovu," mzee akasema mwishowe, "lakini macho mazima. Kule kule niliona mdomo wako unavyokwenda. Nilijua sisifiwi." Akashusha pumzi. "Nilikupa njia ya kutoka. Kwa nini hukuishika?"

"LORI LITAKUGONGA, MZEE!"

Mzee akamgeukia Azza kwa hasira. "Umemwambia habari za lori?"

Azza akaitikia kwa kichwa.

"Mwanamke mdomo wewe." Lakini hakuendelea. Akawa anasugua goti lake. "Mimi sikukimbia kwa ajili yake huyu," akasema, kama anayeungama naye. "Nilikuwa natafuta sababu. Ukifungwa mashine sikioni, kila mtu anakujua wewe kiziwi. Bila mashine, wanadhani una kiburi. Nikaona bora kiburi."

Ritha akanyoosha vidole vinane, kisha kumi. Saa nane hii, saa kumi ile.

"Nitakwenda," akasema mzee. "Lakini nakaa benchi lile lile. Na wewe unakaa ulipokuwa umekaa. Waliocheka watuone."

Ritha akaitikia. Aliwaona wote akilini, Robert, mama wa pochi, benchi la mbele. Akaitikia tena.

Azza alikwishasimamisha bajaji. Akaingia ndani kuchukua bahasha. Mzee akashikwa mkono kushuka baraza, mguu mmoja ukagusa chini.

"Hiyo sauti."

Mwanamke alikuwa amesimama nyuma ya bajaji. Baibui lina vumbi la safari, kapu la machungwa liko chini miguuni mwake. Hakuna aliyemwona akija. Mtaa mzima ulikuwa unamtazama Ritha.

"Nimeisikia tangu kona ya pili," akasema. "Nikasema haiwezekani. 'Kama hamkumfunza adabu nyumbani.' Nimekuja nayo kichwani kutoka Muheza, kwenye basi sikusikia kitu kingine. Na nafika kwetu naikuta inapigwa barazani."

"Shamsiya, wifi, ngoja," akasema Azza akitoka na bahasha. "Kuna daktari anangoja, muda unakwisha, nitakueleza njiani."

"Hiyo chai hapo ndani," Shamsiya akauliza, akichungulia mlango uliobaki wazi, "kanywa nani?"

Azza akageuza uso.

"Umemnywesha chai." Shamsiya akapita, akasimama kati ya baba yake na bajaji. Alikuwa mrefu, mabega ya mtu anayebeba makapu. Akamtazama Ritha kuanzia juu hadi chini na kurudi. "Mimi ndiye yule 'binti uliye huko.' Nimekuja. Haya, niambie na mimi usoni."

"Dada, nimeomba radhi," Ritha akasema. "Nimekosa. Niache nimpeleke, kisha unifanye utakavyo."

"Umpeleke wapi? Pale ulipomvua nguo? Baba yangu kasomesha watoto watano kwa bisibisi. Hajawahi kusimama mlangoni kwa mtu. Leo umtembeze mbele ya waliomcheka ili roho yako itulie? Sikiliza. Baba hatii mguu tena kwenye ukumbi ule. Masikio yakifa, yafe. Heshima yake itabaki. Na wewe ondoka kwetu kabla sijamwita mwenyekiti wa mtaa."

"Wifi, lori..." alianza Azza.

"Nimesema!"

Dereva wa bajaji akapiga honi kidogo. "Mnakwenda, hamwendi?"

Mzee Idarusi alikuwa anamtazama huyu, anamtazama yule. Aliona mkono wa bintiye ukikata hewa, aliona Azza kashika mdomo, aliona baraza zote za ng'ambo zimesimama wima. Midomo ilikwenda mbio mno, hakuambulia hata neno. Alimwamini Shamsiya kuliko mtu yeyote. Akisema twende wangekwenda, akisema tubaki wangebaki.

Akamgeukia Ritha, ambaye sauti yake ndiyo iliyomfikia sawasawa kuliko zote siku nzima.

"Wewe mama," akasema, akiinamisha sikio lake la kulia. "Mwanangu anasemaje?"

Shamsiya akamtazama Ritha. Azza akamtazama Ritha, bahasha ameikumbatia kifuani.

Ritha akamwinamia mzee, na mtaa mzima ukatega sikio.